Tausi na Kuku Aliyemlea

Alikuwako Tausi katika bustani kubwa ya jiji, aliyeona haya kusema kwamba aliatamiwa na kulelewa na Kuku, kwenye shamba la mifugo nyuma ya soko. Jumapili moja rafiki zake, Heroe na Korongo, walitaka kuzitembelea pamoja naye bustani zote za jiji, na matembezi yakawafikisha shambani humo.

Kuku akaja mbio. "Mwanangu, umekuja."

"Unamjua?" Heroe akamwuliza Tausi.

"Simjui. Labda amenifananisha."

Kuku akasimama, akamtazama, kisha akawageukia wageni. "Ni kweli, nimemfananisha. Macho yangu yamezeeka. Karibuni mle."

Akawapa mtama wake wote. Wageni wakala wakashiba, lakini Tausi hakuweza kumeza hata punje.

Njiani Korongo akasema, "Yule mama ana utu. Wanawe wana bahati."

Tausi akageuka bila kuaga, akarudi. Alimkuta Kuku akichakura vumbi, akitafuta chakula cha jioni.

"Umesahau kitu, mgeni?" Kuku akamwuliza kwa upole.

"Nisamehe, mama," akasema Tausi, asiweze kuinua uso.