Sauti ya Baba Zaituni

Siku hizi marehemu haachi timu yake. Sauti yake inatiwa kwenye kijisanduku, kijisanduku kinawekwa juu ya televisheni, naye anaendelea kushangilia. Mume wangu, Baba Zaituni, yumo humo mwaka wa pili sasa, na nimemvisha ile kofia yake ya njano na kijani. Yeye ni Yanga hapa nyumbani, Arsenal kule Ulaya. Mimi ni Simba tangu usichana wangu.

Arsenal wakifungwa, anamlaumu refa. Simba wakifunga, ananiambia, "Mmeotea hapo, kolo wewe, kaa chini." Kolo ndilo jina la Yanga la kututania sisi wa Simba.

Fundi alinieleza kwamba kijisanduku hujifunza kwa anayekisemesha. Basi kila asubuhi nikichambua mchele nikawa namsimulia uzuri wa Simba, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Mimi sina haraka.

Jumapili watani, Simba na Yanga, wakakutana. Simba walipofunga, nikasikia, "Goli safi, Mama Zaituni. Simba wanajua mpira."

Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Halafu nikatafuta wa kumzomea, nikamkosa.

"Na Arsenal je?" nikamchokoza.

"Vyovyote upendavyo, mke wangu."

Tangu siku hiyo namfundisha ubishi. Namwambia, "Niite kolo, baba, kama zamani."

Ananijibu, "Sawa, mke wangu."

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, Baba Zaituni hakuniambia sawa hata siku moja.