Mama Twiga na Nyota Nyekundu

Twiga wanapokwenda kunywa maji mbali, huwaacha watoto kwa mlezi mmoja wa zamu. Jioni moja ya kiangazi, giza likianza kuingia, Twiga mchanga alimtazama mama yake akienda na kupungua, hadi akawa kama sisimizi.

"Shangazi!" akalia. "Mama anakwisha!"

Mlezi akacheka. "Mwoga wewe! Iangalie ile nyota nyekundu. Lile ni jitu. Jua letu likitumbukizwa ndani yake halionekani. Tunaiona kama punje ya mtama kwa sababu iko mbali. Mama yako hajapungua hata ukwato."

Mtoto akaikodolea macho ile nyota. Punde mama akarudi mbio, akihema, midomo mikavu.

"Hujanywa?" mlezi akashangaa. "Na maziwa yanakukauka!"

"Niligeuka, nikamwona mwanangu mdogo kama kupe. Nikadhani anakwisha."

Mtoto akajisogeza chini ya shingo yake. "Niko vilevile, Mama. Ukienda mbali naonekana mdogo tu. Nenda ukanywe."

Mama akaondoka tena. Aligeuka mara tisa, lakini safari hii alifika majini.