Ngazi ya Zahanati

"Faida za kuhamia mji huu mdogo ni zipi?" afisa wa serikali aliuliza, fomu ya maoni mkononi.

"Kodi nafuu," Mzee Mang'enya alijibu. "Na majirani. Walikuja wote kumzika mke wangu."

"Na hasara je, baba?"

Mzee akampeleka hadi zahanati mpya. Kufuli lilikuwa limeshika kutu.

"Wakubwa wenu walikata utepe hapa, wakala pilau, wakaondoka na ufunguo. Mke wangu alifia kwenye ngazi hii, mimi nagonga nikidhani kuna mtu ndani."

"Pole sana. Ila fomu haina nafasi ya hayo."

Mzee akamnyang'anya kalamu. Herufi alizijua chache, lakini jina la mkewe aliliweza. Akaanza kuliandika mlangoni, taratibu, afisa amebaki na kifuniko cha kalamu.