Harufu ya Jiwe la Masele

Siku ya Alhamisi Mwalimu Prudencia alitapika mara mbili kabla ya chai, na mara zote mbili alimlaumu Masele.

Harufu ilikuwa imeingia chumbani kwake tangu Jumanne. Ilipanda kitandani bila kubisha hodi, ikalala naye mto mmoja. Ukimeza mate ulihisi umeitafuna. Alifunga dirisha, akaziba nyufa kwa matambara, akajipaka dawa ya mafua puani. Harufu ikapita katikati ya vyote hivyo kama mkaguzi wa elimu.

Hatua ishirini kutoka dirisha lile lilianza jiwe la jirani yake Masele. Huku mlimani Kirumba nyumba zimebanana na mawe, na mwenye jiwe bapa ana bahati. Lake Masele alilitumia kuanikia dagaa. Watoto wake wanne walikuwa wamekula, wamevaa na kusoma kutokana na jiwe lile.

Na chini kabisa ya dirisha, ndani ya chungu, lilikaa ua la Mwalimu.

Ua hilo aliletewa na Nestory, mwanafunzi wake wa zamani kule shule ya bweni, kijana aliyekuwa mtundu kupita wote, na ambaye Mwalimu aliamini fimbo yake ndiyo iliyomnyoosha. Sasa alikuwa mtaalamu wa maua Arusha. Kwa miezi minane Mwalimu alililea kama mtoto njiti. Maji yalipozidi, shina likaanza kuoza na kutoa ute. Akakata palipooza, akapapaka majivu. Wakaja wadudu weupe kama pamba. Akawafuta mmoja mmoja kwa maji ya sabuni. Konokono aliwaokota kwa vidole vyake mwenyewe, uso ameugeuzia pembeni, akawatumbukiza kwenye kopo la chumvi na kuwasikiliza wakitoa povu. Hatimaye tumba moja likavimba kama puto, kubwa kuliko ngumi.

Barua ya Nestory ilikuwa imeshaeleza la kufanya. "Shikamoo Mwalimu. Tumba likivimba, lifunike kwa gunia jepesi siku nne bila kuchungulia, jua lisije likaliunguza. Siku utakayolifunua, utanikumbuka hata ukiwa umefumba macho."

Mwalimu alitokwa na chozi aliposoma. Jumatatu akalifunika.

Sasa, Alhamisi hiyo, akamwita mwenyekiti wa mtaa. Mzee Obedi alipanda mlima akihema, akavuta pumzi moja tu pale uani, kisha akatoa leso. Kikao chote alikiendesha kupitia leso hiyo.

"Masele, ndugu yangu, unatuua."

"Mwenyekiti, dagaa wangu wamekauka kama mahubiri ya Kwaresima. Hebu nusa hawa." Masele alimsogezea kiganja. "Hii ni harufu ya mzoga. Kuna mnyama kafia mahali."

"Mnyama gani?" Mwalimu alidakia. "Umemwaga matumbo ya samaki kwenye nyufa za jiwe ili unikomoe! Si unaona inzi wako wanavyojaa?"

Inzi walijaa kweli. Walitua jiweni, wakapumzika kidogo, kisha wakaendelea na safari yao upande wa dirishani. Hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi.

"Kila asubuhi nakuamkia, Mwalimu, na marahaba unaniitikia. Kumbe moyoni umenifanya mchawi?"

"Marahaba yangu haihusiani na pua yangu."

Mzee Obedi alikohoa ndani ya leso. "Mwalimu, una hakika kabisa ni samaki?"

"Mwenyekiti, nimeishi na wavulana wa bweni miaka thelathini. Kuna mmoja alinifichia kichwa cha sangara nyuma ya kabati la ofisi, nikakaa nacho wiki nzima. Nilimrudisha kwao wiki mbili, akaja mpole kama mwanakondoo. Samaki aliyeoza, mimi sifundishwi."

Mbele ya ushahidi mzito namna hiyo, mwenyekiti alitoa hukumu upesi. Kuanzia kesho, dagaa marufuku pale jiweni.

"Basi wanangu watakula jiwe?" Masele aliuliza.

Mzee Obedi alikuwa ameshaanza kuteremka.

Ijumaa Masele alikunja nyavu zake na kushusha magunia hadi barabarani, kulikokuwa na guta la mizigo likisubiri. Mkewe alibaki nyuma. Alilifagia jiwe, akalimwagia maji, akalisugua kwa sabuni taratibu, kama mtu anayeosha maiti ya mzazi wake. Alipomaliza alipita mbele ya mlango wa Mwalimu, akasema "kwaheri" bila kugeuza shingo.

Jiwe likabaki jeupe, tupu, likinukia sabuni.

Mwalimu akafungua dirisha na kusubiri hewa safi. Akasubiri nusu saa, kisha saa nzima. Alijiambia kwamba harufu nayo ni kama mpangaji mkorofi, hupewa notisi leo ikahama kesho. Ndipo akakumbuka kwamba siku nne zimetimia. Akajifunga kitenge puani, akatoka nje, akainama juu ya chungu, akalivua gunia.

Lilikuwa limechanua. Nyota ya ncha tano, pana kama sahani ya wali, rangi ya maini yaliyolala, na nywele zake zimesimama kama za ngozi ya mbwa aliyegongwa na lori. Katikati ya nyota funza weupe walipanda na kushuka, wakisukumana kama wanafunzi kwenye foleni ya uji. Harufu ile ile ya tangu Jumanne ikafumka kutoka humo, inzi wakaruka wote kwa mkupuo, wakamgonga machoni, na mmoja akapenya chini ya kitenge hadi mdomoni.

Mwalimu Prudencia akafumba macho.

Akamkumbuka Nestory.