Dua ya Bwenini

Chirau alitoka Kikoneni na hasira zake, aje amwondoe bintiye chuoni moja kwa moja. Wakubwa wa chuo, kana kwamba wao hawafiwi, walimnyima mwana ruhusa ya kuja nyumbani kwenye arubaini ya mamake!

Mlangoni mwa bweni akasita. Wasichana walikuwa wameketi mkekani na bintiye, wakimsomea marehemu hitima. Hata mmoja wao, Mkamba na Mkristo, alikuwa amejitanda leso mpaka kidevuni.

"Shikamoo, baba. Tulikosa mzee wa kutuombea dua," akasema mmoja.

Chirau akaketi, akainua mikono. Kabla hajatamka neno, yule Mkamba akaitikia kwa nguvu, "Amina!"

Kicheko kikawatoka wote, na yeye pia.

"Baba, umekuja kunichukua? Nikafunge nguo?" bintiye akamwuliza kwa woga.

"Kaa na nduguzo, mwanangu. Dua hata haijaanza."