Boti Haitoki Bila Sahihi

Maji yalikuwa yamemfika magotini, lakini mtunza stoo wa halmashauri hakubanduka mlangoni. Mkono mmoja ulishika funguo, mwingine ulikiinua juu kitabu cha fomu kisilowe.

"Boti ya uokoaji haitoki bila sahihi ya mkurugenzi," alisema.

"Mkurugenzi yuko juu ya paa la nyumba yake," dereva wa boti akamjibu. "Ndiye tunayemfuata."

Mtunza stoo akakuna kidevu kwa funguo. Utaratibu huo mkurugenzi aliutunga mwenyewe, baada ya boti kuazimwa na kurudi inanuka samaki.

Dereva akampigia simu mkurugenzi, akaweka spika.

"Mpeni dereva boti, jamani," ilisikika sauti, mvua ikipiga bati.

"Shikamoo, bosi," alisema mtunza stoo. "Nimekusikia. Ila fomu inataka sahihi."

Maji yakamfika mapajani.

Akashusha pumzi, akafungua stoo. Boti ilipoelea, yeye ndiye aliyetangulia kupanda, kitabu kifuani, kalamu sikioni.

"Twende akasaini," alimwambia dereva. "Ila hakanyagi humu kabla hajasaini."