Jicho la Kulia

"Fumba jicho la kushoto, mzee, ulenge ile kalenda ukutani," alisema muuzaji.

Eustakio aliegemeza kitako cha bunduki mpya begani. Hakuwahi kulenga kwa jicho moja. Miaka arobaini alishindilia gobore lake baruti na vipande vya misumari, akaelekeza mtutu waliko nguruwe pori, macho yote wazi, moshi ukimrudia usoni. Misumari hutawanyika, mmoja haukosi kupata.

Alifumba jicho la kushoto.

Duka zima likatoweka. Ukabaki ukungu mzito, rangi ya majivu. Hakuiona kalenda. Hakuiona hata ncha ya mtutu alioushika mwenyewe.

"Unaiona, babu?" aliuliza mwenyekiti wa kijiji, aliyesimama nyuma yake.

Kijiji kizima cha Kiegei kilikuwa kimechanga korosho ili yeye apate bunduki ya kulinda mashamba. Gobore walilisalimisha polisi asubuhi ile ile.

"Naiona," alisema.

"Basi kesho tutawaswaga nguruwe kama kawaida, waje upande wako. Sisi tutakuwa nyuma yao."